Ukuta wa Bi Moza

Siku yangu ya kwanza Hatta nilishuka kwenye basi la kampuni nikiwa na mwiko wangu mwenyewe, kwa kuwa sikuwahi kuuamini mwiko wa mtu mwingine. Nilikuwa nimejenga maghala Al Quoz, mtaa wa viwanda mjini huku kwa Waarabu, miaka mingi, kazi ya matofali ya saruji ambayo hata aliyesinzia angeiweza. Kampuni ilipopewa kazi ya kukarabati kijiji cha kale cha Hatta, huko milimani, wakauliza nani anazijua nyumba za zamani. Niliinua mkono kabla swali halijaisha. Mimi fundi wa Unguja, baba yangu fundi, babu yangu fundi. Nani angenifundisha ukuta?

Kijiji kilikuwa na vichochoro vyembamba vinavyopanda mlima, na nyumba za mawe yaliyoshikana kwa udongo, dari zake magogo ya mitende. Msimamizi wetu, Mkenya mwenye sauti kubwa, alinikabidhi nyumba ya kwanza ya kichochoro cha juu. Ilikuwa ya Bi Moza, mwanamke mtu mzima aliyezaliwa humo humo. Utotoni alikaa Zanzibar na wazazi wake, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha msimamizi. Nilimwambia msimamizi hivyo, akaninunia wiki nzima.

Basi nikafanya nilichokijua. Nikaroweka chokaa shimoni mpaka ikalainika kama siagi, nikapiga lipu, yaani lile vazi la nje la ukuta. Ukuta ukameta. Bi Moza aliupapasa, akanyamaza, nami nikadhani uzuri umemfunga mdomo.

Mvua moja tu ya mlimani ikaniumbua. Maji yaliingia kwa juu, yakakosa pa kutokea, udongo wa ndani ukavimba. Chokaa ikabanduka mapande mapande na mawe mawili yakaanguka nayo. Mhandisi wa mradi alikuja, akatazama, akapaka alama nyekundu mlangoni.

"Khalas, basi," akasema. "Hii inabomolewa. Tutapitisha njia ya magari hapa."

"Sir, kosa ni langu, si la nyumba."

Alinitazama kidogo. "Nakupa mpaka mvua nyingine. Mawe yakianguka tena, nabomoa."

Niliona haya kwelikweli. Nyumba ya mtu ilikuwa inakwenda kwa kiburi changu. Nilikwenda kwa Bi Moza, nikaketi mkekani, nikamwomba radhi.

"Kwa nini hukuniambia, bibi?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Nilikuona fundi ajuaye." Akacheka mpaka akakohoa.

Siku ile ndipo nilipoanza kusoma. Ukuta wa Hatta hupakwa udongo uliochanganywa na mabua ya ngano, ukavundikwa, maana yake ukalowanishwa na kufunikwa wiki tatu mpaka utoe harufu. Usiponuka, haujaiva. Kisha hupakwa kwa viganja, ili mkono uone palipo na uwazi, na kila mwaka baada ya mvua wenye nyumba na majirani hutoka wakaupaka upya.

"Kila mwaka, bibi?"

"Kwani wewe kanzu yako uliifua mara moja?"

Tukavundika. Msimamizi alilalamika kwamba nimemletea choo kazini. Ijumaa wajukuu wa Bi Moza walikuja kutoka mjini, mmoja daktari, wengine watu wa ofisi, wakakunja mikono ya kandura, kanzu zao nyeupe. Hakuna aliyewahi kuugusa udongo ule. Hadi Alasiri walikuwa wanagombea ndoo, na bibi yao anawakaripia kwa Kiarabu, nami ananikaripia kwa Kiswahili.

Mvua ilikuja kubwa kuliko ya kwanza. Mhandisi alitukuta mlangoni, udongo unachirizika hadi miguuni mwetu.

"Unaona? Unaondoka tena!"

"Mwambie auache uoshwe," Bi Moza akaniambia. "Huo ndio unaolipokea jua na maji, mawe yakapona."

Nikafasiri. Mhandisi akauegemea ukuta kwa bega, akausukuma kwa nguvu. Hakuna jiwe lililotikisika. Akaagiza kitambaa na mafuta ya taa, akaifuta ile alama kwa mkono wake, na njia ya magari ikapitishwa bondeni, chini ya kijiji. Mtu mzima mimi, nililia mbele ya watu.

Nimestaafu sasa, nakaa mjini, Al Twar, kwa binti yangu. Vijana mafundi huniuliza siri ya nyumba za kale. Nawaambia ujuzi wa kwenu ni mzuri, lakini ukifika kwa watu, uliza kwanza. Wengi huitikia tu, kisha hufanya wanalolijua, kama nilivyofanya mimi.

Kila mwaka baada ya mvua nakwenda Hatta kupaka. Safari hii Bi Moza hakuweza kusimama, magoti yamekataa. Alitolewa kiti kichochoroni, na vitukuu wake wawili wakapaka pembeni yangu. Nilikuwa nimeshafika katikati ya ukuta nilipomsikia.

"Hapo umekosea, mwanangu."

Nikautazama ukuta. Kweli, nilikuwa nimeupita uwazi. Nikabandua, nikaanza upya.