Viatu Vilivyongoja Kuganduka

Miguu yangu ni mikubwa. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Kaka yangu alikuwa akinicheka kwamba nimezaliwa na miguu ya polisi, na kweli tulivaa saizi moja, yeye mwanamume mrefu na mimi mwalimu wa shule ya msingi niliyemfikia begani. Ndiyo maana alipofariki, tukiwa bado hatujamzika, nilikwisha kujua kwamba viatu vyake vitanitosha. Nilijichukia kwa kulifikiria hilo mapema hivyo.

Tulikuwa tukijiandaa pamoja kwa mbio za milimani, zile zinazopita urefu wa marathoni, zinazopanda kutoka Bujumbura hadi juu msituni na kushuka tena kwa njia za mbuzi. Hatukuwahi kukimbia kitu kama hicho. Tulichozoea ni klabu ya mtaani kwetu Carama: Jumapili asubuhi watu wazima wanakimbia kwa mistari wakiimba na kupiga makofi, halafu wanaishia kwenye brosheti, mishikaki ya mbuzi, na bia. Kaka alisema hayo si mazoezi, ni arusi ya watu wenye jasho. Yeye alitaka viatu vya kweli, vyenye meno chini ya soli, na rafiki yake mmoja akamletea kutoka Ulaya. Vyangu vingefuata baadaye.

Asubuhi moja nilikuwa na homa, nikabaki kitandani. Akapanda peke yake kando ya lami, na lori lililokatikiwa breki likateremka. Hospitalini walitukabidhi viatu ndani ya mfuko wa plastiki. Havikuwa na hata mkwaruzo. Mpaka leo nina hasira navyo kwa hilo.

Mama alivifungia sandukuni pamoja na mashati ya kaka. Kwetu vitu vya marehemu hukaa hadi siku ya kuganduka, pale ndugu na majirani wanapokutana kuumaliza msiba. Siku hiyo hugawiwa mbele ya watu wote, na aliyepewa amepewa, hakuna wa kubisha. Nilipomwambia mama kwamba nitakimbia zile mbio kwa niaba ya kaka, na kwamba nahitaji viatu, hakugeuka kutoka kwenye sufuria ya maharagwe.

"Ngojea kuganduka," alisema. "Ao unataka watu waseme tunagawa vitu yake na kaburi ingali mbichi?"

"Basi nitangojea, mama."

"Ee. Ngojea."

Nilichukua jibu lile kuwa ahadi. Nani asingefanya hivyo?

Lakini wakati wa kungoja nao ulihitaji viatu. Nilizunguka maduka ya mtaa wa Asiatique hadi wauzaji wakanizoea. Walikuwa na raba nyeupe za kutembelea mjini, soli zake laini kama sabuni iliyoloa, na za kike zote zilikataa kisigino changu. Nikaenda kwenye caguwa, kwa wauza mitumba. Wale huweka nje mguu mmoja tu, mwingine wanauficha guniani, ili mwizi akiiba asipate la maana. Nikapenda mguu wa kulia, wa kijani, wenye meno mazuri. Ulipotolewa wa kushoto, ulikuwa umezungushiwa gundi pembeni kote.

"Hii gundi ni ya nini?"

"Ni ya kukaza, mama. Hii haitafunguka mpaka Yesu arudi."

Ilifunguka Jumapili iliyofuata, kwenye matope ya mlimani, na Yesu hakuwa amerudi. Niliifunga soli kwa kamba ya mgomba, nikashuka nikichechemea, huku nikilia njia nzima kama mtoto. Sikuwa nikililia soli. Siku zote mbele yangu kwenye mteremko kulikuwa na mgongo wa kaka, na asubuhi ile kulikuwa na njia tupu. Kucha zikageuka nyeusi, zikang'oka. Niliendelea hivyo hivyo, kila wiki nikijiambia kwamba vile vya sandukuni vinakuja.

Kuganduka kuliangukia wiki moja kabla ya mbio. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, vinywaji vikapita, mzee wa ukoo akasema ya kusema. Mama akafungua sanduku. Mashati yalienda kwa binamu zetu, redio kwa jirani aliyetuchimbia kaburi. Mimi nilikuwa na soksi nzito ndani ya mkoba, nimekuja nazo kabisa. Akavitoa viatu. Akanitazama, mara ya kwanza siku ile, kisha akamwita mjomba, Tonton wetu, kaka yake anayeishi Kibenga, ambaye tangu apigwe na kiharusi anaburuta mguu na kutembea kwa fimbo.

"Hizi ni za kaka yangu," alisema. "Ye hakimbiake."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani. Mimi nilielewa. Muda wote ule wa kungoja alikuwa ananifungia mlango taratibu, na sasa ameupiga kufuli mbele ya mashahidi. Nilimchukia mama yangu. Siwezi kuliweka kwa namna nyingine.

Siku mbili tatu baadaye nikaenda Kibenga. Mjomba alikuwa amekaa kizingitini, amevivaa, kamba zinaning'inia kwa sababu mkono wake mmoja haushiki tena.

"Nilijua utakuja," alisema. "Vua, uchukue. Mi sina kwa kukimbilia."

Nilichuchumaa, nikashika kisigino cha kiatu.

"Lakini nikuambie. Kila jioni mama yako ananipigia simu. Haniulizake afya. Ananiuliza kama viatu ingali mu miguu yangu. Nikisema ndiyo, nasikia anapumua." Akaniangalia. "Leo jioni nitamwambia nini?"

Nilikiachia kile kisigino. Kisha nikaanza na mguu wake mbovu. Nikapitisha kamba kwenye tundu la mwisho, lile la karibu na kifundo, kama kaka alivyonifundisha ili kisigino kisiteleze kwenye mteremko, nikakaza, nikafunga fundo mara mbili. Nikafanya vivyo hivyo mguu wa pili.

"Mwambie ingali mu miguu, Tonton," nilisema.