Kitambaa cha Bawa la Chini

Siku ya kwanza kazini nilidhani basi la kampuni limenishusha pasipo pangu. Mimi nilikuwa fundi wa makochi ya majlisi, sebule za wageni za Waarabu, na kabla ya hapo mlinzi wa hoteli mtaani Al Sadd, katika nchi hiyo hiyo ya Kiarabu, na kabla ya hapo mengi. Shule niliiacha darasa la sita. Lakini ndani ya karakana ile ya Industrial Area, mtaa wa viwanda, palikuwa na mifupa ya ndege.

"Unajua kushona?" aliniuliza mhandisi, Mmisri tuliyemwita Bashmuhandis.

"Najua."

"Basi utaivisha."

Ilikuwa nakala ya ndege ya kivita ya Kijerumani, iliyobuniwa kati ya vita vikuu viwili. Tajiri mmoja aliitaka kwa makumbusho yake. Nilimchosha Bashmuhandis kwa maswali. Alinieleza kwamba kiwiliwili kilikuwa cha mabomba ya chuma na mabawa ya mbao, vikafunikwa kwa kitambaa ili ndege iwe nyepesi. Mabawa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine, ili ikate kona haraka angani. Injini ilikuwa ndefu mno. Wakati wa kutua rubani hakuona mbele.

Mbavu za mabawa, yaani vibao vyembamba vinavyoyapa umbo, zilichongwa na Wekesa, seremala wa Bungoma.

"Mzee wa makochi," alinitania, "hapa hakuna wa kukalia."

Nikavuta kitambaa kama nilivyozoea, kikakaza kama ngoma. Tukakipaka vanishi. Asubuhi ukingo wa nyuma wa bawa la chini ulikuwa umepinda.

"Mbao mbichi," alisema Bashmuhandis. "Wekesa, nenda ofisini wakukatie tiketi ya kwenu."

"Haki ya Mungu, boss, nilizianika mwezi mzima."

Nilikuwa nimeshaelewa. Vanishi ile huvuta kitambaa ikikauka, nami sikukiachia nafasi. Nikinyamaza, anaondoka Wekesa. Nikisema, huenda naondoka mimi. Nikachukua mkasi, nikakata mishono yangu yote. Ukingo ukarudi polepole mahali pake.

Bashmuhandis aliupitishia ukingo kidole. "Wekesa, rudi kazini. Na wewe, kashone upya. Ijumaa zako zote za mapumziko."

Nimestaafu sasa, macho yamechoka. Ndege ile haikuruka, ilitengenezwa itazamwe. Wekesa baadaye alifanywa msimamizi wangu, na kila kitambaa nilichoshona alikikagua mara mbili. Sikumlaumu.