Dirisha la Saba

Mtaani walimwita Waziri wa Nje, na hakuna aliyekumbuka nani alimpa wizara hiyo. Fundi cherehani wa nyumba ya jirani alidai ni yeye, lakini fundi cherehani alidai mambo mengi, yakiwemo kwamba suruali yako itakuwa tayari Ijumaa. Hata hivyo jina lilimkaa sawasawa. Mzee alikuwa na nyumba ya vyumba vitano, mke mmoja, na mamlaka kamili juu ya kila kitu kilichonyeshewa na mvua.

Kilichonyeshewa kilikuwa chake: paa la bati, gata inayokinga maji yake, kuta kwa upande wa jua, mtaro, ua wa miti uliozunguka uwanja, geti na bawaba zake. Kilichobaki kikavu kilikuwa cha mkewe. Mpaka ulipita kwenye kizingiti cha mlango, na kwa miaka thelathini na minne hakuna aliyeuvuka kwa shari. Yeye hakujua sukari inakaa kopo gani. Mkewe hakujua ngazi inafungiwa wapi.

"Siku tukigombana kweli," mkewe aliwaambia wageni, "mimi nitakosa ngazi, yeye atakosa chakula. Tuone nani ataomba msamaha kwanza."

Kabla ya kustaafu Waziri alikuwa mkaguzi wa madaraja. Kazi hiyo ni ya kulala chali chini ya kitu kikubwa ukitafuta ufa mdogo, na mtu akiifanya miaka ishirini na tisa haimtoki mwilini eti kwa sababu ofisini wamempa saa ya ukutani na kipande cha keki. Alirudi nyumbani na imani moja tu: adui ni maji, wengine wote ni vibaraka wake. Mwezi mmoja kabla ya mvua alipanda kwenye gata, akatoa majani kwa mkono, akamwaga ndoo ya maji upande mmoja, kisha akashuka mbio kwenda kuyapokea upande wa pili. Miaka ilivyosonga, mbio zikawa mwendo, na maji yakawa yanafika kabla yake. Alizibua mtaro. Alikata matawi yaliyojaribu kulalia bati. Alizunguka ukuta na penseli, kila ufa akiuzungushia duara na kuandika tarehe, hata ukuta wa nyuma ukafanana na daftari la mtoto mzito wa hesabu. Ufa uliokua alijaza. Usiokua aliupa mwaka mwingine wa kujieleza.

Mwisho kabisa yalikuja madirisha. Yalikuwa saba, ya mbao na vioo, ya kufungukia nje. Aliyapiga msasa, akayafuta vumbi, akayapaka rangi ya mafuta. Na hapo ndipo wizara zile mbili zilipofanya kazi pamoja.

Rangi ya mafuta hukauka inapotaka yenyewe. Ukilifunga dirisha mapema na kuliacha, linagandana na fremu yake, na kuanzia siku hiyo una ukuta wenye vioo. Watu wengine huyaacha wazi mpaka kesho yake. Waziri hakuwaamini wezi, mbu, wala kesho. Kwa hiyo alipaka dirisha la kwanza, akasubiri rangi ishike kidogo, akalifunga. Akahamia la pili. Akimaliza, anarudi kugonga kioo cha la kwanza mara mbili. Mkewe, aliye ndani, anasukuma kwa kiganja, linaachia, analirudisha. Hivyo hivyo kutwa nzima, huyu akigonga, yule akisukuma.

"Sukuma!"

"Nimesukuma."

"Sukuma kwa moyo, mama."

"Moyo uko jikoni, unakoroga mchuzi. Halafu umeruka."

"Nimeruka wapi?"

"Pembeni hapo, juu ya bawaba."

"Hicho ni kivuli."

"Kivuli gani hicho chenye rangi ya mwaka juzi?"

Majirani wakiwasikia walijua mvua imekaribia, wakaenda kuanua kuni zao. Ilisemwa kwamba siku ile moja wawili hao walizungumza kuliko mwaka mzima. Hiyo ni kupiga chuku, lakini si sana. Ndani ya nyumba Waziri alikuwa mtu wa "ndiyo" na "asante". Alikalia ncha ya kiti kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Ukimpa kikombe, alikishika kwa mikono miwili, akitafuta mahali pa kukiweka asiharibu kitu.

Kisha mke akaugua. Daktari alisema neno refu ambalo hakuna aliyelishika, halafu akasema neno fupi ambalo wote walilishika: wiki. Wakamrudisha nyumbani. Kitanda kikasogezwa kwenye dirisha la saba, linalotazama uwanja, na mdogo wake akaja kumuuguza. Shemeji huyu alikuwa mkunga mstaafu, na alizungumza na kila mtu kana kwamba mtu huyo yuko katikati ya uchungu.

Mgonjwa aliomba kitu kimoja. Hakutaka kupelekwa hospitali nyingine wala kuletewa dawa ya mitishamba iliyosifiwa na fundi cherehani.

"Baba watoto," alisema, "njoo ukae."

"Nakuja. Nimalizie gata."

Akaja kweli. Akakaa kwenye ncha ya kiti. Akamtazama mkewe, akaona alivyopungua, akahamisha macho haraka kwenda kwenye dari. Darini akaona doa la unyevu, kubwa kama sahani ya kikombe.

"Lile limeanza lini?" akauliza.

"Lipi?"

"Lile doa."

"Shemeji," mkunga akasema, "tulia. Vuta pumzi. Kaa."

Lakini alikwishasimama. Dakika tano baadaye walisikia hatua zake juu ya bati. Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa, na mdogo wake akamshika mgongo bila kucheka.

Usidhani mzee alikuwa na roho ngumu. Ndani ya chumba kile hapakuwa na kitu anachokijua. Hakujua mto unawekwaje, dawa ipi ni ya asubuhi, mkono wa mgonjwa unashikwa wapi usiumie. Nje alijua kila kitu. Basi akakata shauri kumhudumia kutoka huko: chochote ambacho mkewe angekiona akiwa kitandani, kiwe kimenyooka. Alipunguza ua ulio mkabala na dirisha mpaka ukawa sawa kama meza. Alipaka chokaa ukuta wa mbele. Aling'oa magugu, akafagia, akarudia kufagia. Kila alipoinua kichwa, mkewe alikuwa pale nyuma ya kioo, mzee akampungia mkono, na moyoni mwake akahesabu kwamba amekaa naye. Siku nane alikaa naye kwa namna hiyo.

Siku ya tisa asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba, brashi mkononi.

"Leo utakaa?" mkewe akauliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Leo limebaki hili lako tu. Nikishalipaka naingia, nakaa mpaka unichoke."

"Nitakuchoka upesi," akasema. "Wewe njoo tu."

Alilipaka polepole, kwa adabu, akiinama asimzibie mwanga. Harufu ya rangi ikaingia chumbani, mgonjwa akaanza kukohoa, na mkunga akanyoosha mkono akalivuta dirisha likafungika. Waziri akamalizia kwa nje. Ilipofika saa ya kugonga, aliinua ngumi, ikasimama hewani. Angemgongea nani asukume? Akaishusha, akaenda kusafisha mtaro ambao alikuwa ameusafisha jana.

Aliporudi mchana, rangi ilikuwa imeshika. Dirisha lilikuwa kipande kimoja na fremu. Mkewe alikuwa ameelekeza uso kwake. Akainua mkono kidogo kutoka kwenye shuka, akakunja kidole, na midomo ikacheza.

"Eti?" Waziri akasema.

Midomo ikacheza tena. Sauti haikutoka nje. Lilikuwa limezibwa vizuri kuliko dirisha lolote alilowahi kulipaka.

Ndipo akaelewa, na uso ukamng'aa. "Nimeruka!" akapaza sauti. "Wapi? Hapa?" Akafuata kidole kile, akatafuta juu, akatafuta kando, na kweli, juu ya bawaba, palikuwa na mahali padogo kama ukucha pasipopata rangi. Akakimbilia kopo. Akapapaka mara mbili. Furaha aliyoipata hakuwa ameionja tangu daktari atamke lile neno fupi: mtu yuko vile, na bado jicho lake halimwachii! Alipomaliza akainua kidole gumba. Mkewe alikuwa amefumba macho. Akaona heri asimsumbue usingizini kwa harufu ya rangi. Akachukua brashi akaenda kuiosha kwa mafuta ya taa nyuma ya nyumba.

Bado alikuwa akiiosha mkunga alipotoka. Alikuwa peku.

"Shemeji."

"Nakuja. Naosha brashi."

"Shemeji," akasema, na safari hii hakuzungumza kama mkunga. "Iache brashi."

Watu walikuja, wakalia, wakakaa siku zao, wakaondoka. Watoto walifika kutoka mbali na wakarudi mbali. Na kila aliyempa pole, Waziri alimsimulia kisa cha dirisha: jinsi mama, dakika zake za mwisho, alivyoinua kidole kumwonyesha alikoruka, na kwamba kweli alikuwa ameruka. Alikisimulia vizuri. Watu walicheka huku wanafuta machozi, na yeye akapata nguvu ya kufika jioni. Alikuwa na kitu hicho kimoja cha kushika. Shemeji yake, aliyebaki kumsaidia kufunga vitu vya marehemu, alikuwa akitoka nje ya chumba kila kisa kinapoanza.

Wiki ya tatu fundi cherehani alipita kibarazani, akakisikia kwa mara ya nne.

"Mpaka mwisho anakagua!" akasema, akijipiga paja. "Mwanamke yule, Waziri, alikuweza."

"Aliniweza," Waziri akakubali.

Fundi alipokwenda zake, mkunga akatokea mlangoni na kitambaa mkononi.

"Shemeji, nakuomba. Hicho kisa usikisimulie tena mbele yangu."

"Kina ubaya gani?"

"Mimi nilikuwepo ndani."

Waziri akamtazama. Mawingu yalikuwa yameteremka mpaka kwenye vilele vya miti, na upepo ulikuwa umeanza kugeuza majani.

"Hakusema umeruka," mkunga akasema. "Siku ile alikuwa haoni mbali kuliko mkono wake. Alichoona ni mtu amesimama kwenye mwanga. Alisema, 'Ingia.' Mara mbili."

"Lakini pale palikuwepo. Juu ya bawaba. Nilipaona kwa macho yangu."

"Labda palikuwepo. Hakuwa na habari napo. Nikamwambia ngoja nikakuite, akanishika mkono. Akasema usimwite, ameniahidi, atakuja mwenyewe."

Waziri akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kina cha ufa, "Nilipogeuka kwenda kuchukua kopo. Alisema nini?"

Mkunga alikunja kitambaa, akakikunjua.

"Alisema, 'Anamalizia.'"

Mvua ikaanza bila kubisha. Gata haikuguswa tangu siku ile, na majani ya wiki tatu yalikuwa yamejaa humo. Haikuchukua muda maji yakafurika, yakatiririka ukutani juu ya maduara yote ya penseli. Fundi cherehani aliona, akatokea dirishani kwake akapiga kelele: "Waziri! Gata inamwaga ukutani, njoo uone!"

Mzee akasimama. Shemeji yake alidhani anaifuata ngazi, akasogea kumpisha. Lakini alivua viatu, akapita kizingiti, akaenda hadi chumba cha mwisho, ambako kitanda kilikuwa kimebaki na godoro tupu. Akavuta kiti, akakikalia chote, mgongo ukagusa nyuma.

"Zilikuwa siku tisa," akamwambia mkunga, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni. "Mimi nilikuwa nje. Niambie humu alifanya nini. Anza na ya kwanza."

Mkunga akaketi ukingoni mwa kitanda. Maisha yake yote alikuwa amekumbuka saa za watu wengine.

"Ya kwanza aliamka saa moja kasoro robo," akasema. "Akaomba chai, hakuinywa. Akauliza uko wapi. Nikamwambia uko juu, kwenye gata. Akasema basi mchana atakuwa na njaa, mpikieni kitu kizito."

"Na ya pili?"

"Subiri, shemeji. Ya kwanza haijaisha. Hiyo ilikuwa asubuhi tu."