Pua ya Mzee Gou

Katika soko la vitu vya kale la mji wa Baoji, Mzee Gou Wenkui alijulikana kwa pua yake kuliko kwa jina lake. Wakaguzi wengine wa vyombo vya shaba waliridhika na kioo cha kukuzia na madoa ya kutu ya kijani. Yeye naye aliyatazama hayo, kwa utaratibu, lakini mwishoni alisugua viganja hadi vikapata moto, akakipapasa chombo, kisha akakinusa. Shaba iliyolala ardhini miaka elfu tatu hutoa harufu hafifu ya udongo. Iliyozeeshwa karakanani hunuka tindikali na gundi.

Majira ya baridi yaliyopita aliugua homa kali. Homa ilipoondoka, iliondoka na harufu zote. Hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba macho yangetosha, akaendelea kunusa kwa mazoea. Kila chombo kilikuwa kisafi puani mwake, bila gundi wala tindikali. Hivyo vyote vikawa vya kale.

Asubuhi moja ya masika, mkewe Suzhen alirudi kutoka sokoni akakuta mchuzi wa tambi umefurika na kuzima jiko. Gesi ilikuwa imejaa nyumba nzima, na mumewe ameketi hatua mbili tu kutoka hapo, akisoma gazeti.

"Baba Ying! Unataka tufe?" Alifunga gesi, akafungua madirisha, kisha akamkazia macho. "Kwani husikii harufu?"

Gou alikunja gazeti polepole. "Tangu ile homa."

"Mungu wangu! Na kikombe cha Xue je?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo. Xue Tingfang, fundi mstaafu wa reli na rafiki yake tangu ujana, alitaka kikombe cha divai cha miguu mitatu kilichokuwa dukani kwa mfanyabiashara aitwaye Hao. Gou alikuwa amekinusa wiki iliyopita, akasema ni cha kale. Kwa neno hilo moja Xue alikubali kutoa vioo vyake kumi na saba vya kujitazamia, vya kale vya shaba iliyong'arishwa, alivyovikusanya tangu arithi cha kwanza kutoka kwa babu yake. Walipatana kubadilishana siku hiyo, saa sita mchana.

Gou alipofika dukani, vioo vilikuwa tayari mezani, juu ya kitambaa cha bluu.

"Karibu, mzee wa pua!" Hao alicheka. "Njoo ushuhudie. Huyu rafiki yako analia tangu aingie."

"Silii," alisema Xue. "Naagana na wanangu."

Gou alibaki wima. Katika kazi yao, mtu hatamki "bandia" ndani ya duka la mwenzake. Husema tu kwamba hakielewi chombo, na kila mtu hujua maana yake.

"Tingfang, kikombe hiki sikielewi."

Kicheko cha Hao kilikatika. "Alaa! Wiki iliyopita si ulikielewa vizuri?"

"Wiki iliyopita sikusikia harufu yoyote. Sijasikia tangu baridi."

Xue alisubiri Hao akiweke kikombe mezani, kwa kuwa katika biashara hiyo chombo hakipokewi mkono kwa mkono, kisije kikaanguka, ndipo akakiinua. Alisugua viganja kama alivyomwona Gou akifanya mara nyingi, akakipapasa, akanusa. Akakirudisha taratibu.

"Gundi," alisema.

Akaanza kufunga vioo vyake. Gou alinyoosha mkono kumsaidia. Xue akausogeza mzigo mbali naye.

"Kila wiki tunakunywa chai pamoja, Kaka Gou. Kila wiki! Nawe kimya."

"Niliona aibu."

"Na birika la mjane wa Mu? Si wewe uliyelipitisha kuwa la kale mwezi wa pili?"

Xue alitoka na mzigo wake bila kuaga.

Nyumbani, Gou alifungua daftari lake la ukaguzi. Tangu majira ya baridi kulikuwa na majina kumi na moja ya watu aliowathibitishia vyombo. Suzhen alimwekea bakuli la tambi. Akala nusu, akalisukuma kando, akavaa koti.

"Unaanza na nani?" mkewe aliuliza.

"Mjane wa Mu," alisema. "Yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote."