Dar ni Nazi Themanini

Mtoro wa Kilindoni hakuwahi kupanda ndege, wala saa hakuwa nayo, lakini ukimuuliza Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, anakujibu papo hapo: "Nazi themanini."

Wala hakuwa akitania. Kazi yake ilikuwa kufua nazi pembeni mwa uwanja wa ndege: anaipiga nazi kwenye kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa chini, anaizungusha, kumbi linabanduka. Simu ya Dar ikilia ofisini, Ndugu Ussi, karani wa uwanja, hutoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Imeruka!" Hapo Mtoro huanza kuhesabu. Ya sitini ikitoka, hukamata fimbo akaswage ng'ombe, maana majani matamu kuliko yote Kilindoni yameota pale pale ndege inapotua. Ukifika muda wa ya themanini, ndege hiyo! Kilomita mia na thelathini hivi, dakika thelathini na tano. Kuswaga huko alikuwa akijitolea tu, na hakuwahi kukosea.

Asubuhi moja ya mwaka sabini na tatu, Ussi alimjia mbio.

"Leo anakuja mkaguzi, Ndugu Mtoro. Akikuta uwanja mweupe, unaandikwa kazi ya kudumu. Akiona ng'ombe hata mmoja, wataleta mtu mwenye saa."

"Saa ya nini? Saa husimama. Nazi imesimama lini?"

Simu ikalia. "Imeruka!"

Mtoro akaanza. Rundo la siku hiyo lilikuwa limetoka kijiji cha ujamaa cha Kirongwe: minazi mikubwa, makumbi mazito, kila nazi anaikandamiza mara tatu ndipo iachie. Jasho lilimtoka, lakini akili yake ilikuwa kwenye hesabu tu.

Ya arobaini na tatu, mkewe Mwanahija, aliyekuwa akipanga makumbi, aliinua kichwa.

"Baba Arafa, mngurumo gani huo?"

"Upepo. Bado nazi thelathini na saba."

"Upepo huu una mabawa?"

Mtoro akageuka. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa katikati ya uwanja, wamelala wanacheua, na ndege inashuka! Alitimua mbio, Mwanahija nyuma yake akipunga kanga, Ussi akipiga makofi kama yuko ngomani. Ndege ikawaona, ikapanda tena, ikazunguka mara mbili ndipo ikatua.

Mkaguzi, Bwana Mbaraka, alishuka kakunja uso.

"Shikamoo, Mzee," Mtoro akamwahi, akihema. "Ng'ombe ni wa watu, kosa ni langu. Nimehesabu nazi za Kirongwe kama za hapa."

Mkaguzi akamtazama Ussi. Ussi akamnyooshea kidole Mtoro. Ikabidi Mtoro aeleze yote, na alipomaliza, mkaguzi alikuwa amekaa juu ya rundo, anacheka mpaka machozi. Akavua saa yake.

"Nifulie za hapa, nione."

Dakika kumi: nazi ishirini na tatu. Za Kirongwe: kumi na mbili.

"Kumbe hesabu yako sahihi, rundo ndilo baya," akasema. "Kazi nakupa. Lakini kuanzia leo simu ikilia, fimbo mkononi. Usifue hata moja."

"Nimeelewa, Mzee!"

Mtoro alimgeukia mkewe akitabasamu mpaka masikioni. Mwanahija alikuwa ameshika kiuno.

"Hongera. Na hili rundo lote, Baba Arafa, atalifua rubani?"