Sisimizi wa Choo Chetu cha Al-Mahjar

Nasoma kutoka kwenye daftari kwa sababu nikiinua macho nitawaona, na nikiwaona sauti itaisha. Sista Chebii, muuguzi aliyetuita kwenye mkutano huu wa afya, amesema mnaruhusiwa kucheka. Mama, wewe usilie tu.

Naitwa Chelangat. Niko kidato cha tatu. Naishi na Baba mtaa wa Al-Mahjar, kule Jeddah, na yeye anaendesha lori la maji. Mama anafanya kazi hapa Riyadh, kwa madam wake mtaa wa Al-Malqa, kwa hiyo tulikuwa tunaonana kwenye simu. Kabla ya kuugua maisha yangu yalikuwa haya: naenda shule, nanyamaza, narudi, naandika humu yale niliyotaka kusema darasani.

Sisi ni Waogiek wa msitu wa Mau, watu wa mizinga. Nyumba yetu haikosi asali. Gogo, mama yake Baba, humpa kila anayesafiri kuja huku dumu la kutuletea. Mgeni akija, asali. Ukikohoa, asali. Nilipofeli hesabu, Baba alinitazama kwa huruma akaenda kuchukua kijiko.

Ugonjwa ulianza na kiu. Nilikunywa maji mpaka Baba akasema, "Wewe sasa ni mteja, nitakuletea lori." Kisha mkojo. Darasani niliomba ruhusa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu niliona aibu nikabana. Nawaambia ukweli kwa sababu niliahidi: siku moja sikufika. Nilifunga sweta kiunoni nikatembea hadi nyumbani kwenye lile joto, na sikumwambia mtu.

Halafu sisimizi wakaja chooni. Si wawili watatu. Msafara. Walizunguka pale ninapokojoa kama wamealikwa harusini. Kwa watu wengine hiyo ingekuwa habari. Kwetu sisimizi ni majirani, wanafuata asali tangu nizaliwe. Baba aliwatazama akasema kwa fahari, "Unaona asali ya Gogo? Harufu yake imefika mpaka chooni." Akapuliza dawa ya wadudu. Mimi nilijua hawakufuata dumu lililoko jikoni. Lakini ungemwambiaje baba yako jambo kama hilo?

Nikakonda. Mama aliniona kwenye simu akauliza, "Mbona shingo imekuwa kama ya kuku aliyenyeshewa? Baba Chela, mtoto anakula?"

"Ni joto la Jeddah," Baba akajibu. "Nimemwongezea asali."

Alikuwa ameongeza kweli. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu mchana, vitatu jioni. Kadiri nilivyodhoofika ndivyo kijiko kilivyokuwa kikubwa.

Kilichoniokoa ni ule mpango wa serikali ya kwetu na wazee wa jamii za msituni, wa afya na wa kuponya mioyo ya watu waliotolewa kwenye ardhi yao. Ulitufuata hadi huku ughaibuni, na wenyeji wakaupa ukumbi Al-Mahjar Ijumaa moja. Baba alienda kwa heshima, amebeba chupa ya asali ya kumzawadia muuguzi. Mimi nilienda nikiwa nahema kama nimekimbia, na mdomo unanuka matunda yaliyooza.

Muuguzi ndiye huyu Sista Chebii, Mogiek kama sisi. Aliinama anisalimie, nikatapika kwenye viatu vyake. Hiyo ndiyo salamu niliyompa, Sista, naomba radhi tena mbele ya watu. Akanitoboa kidole, akatazama kipimo, akasema, "Mzee, acha chupa. Tunaenda hospitali sasa hivi."

Hospitalini daktari, mama mmoja wa Jeddah, alimuuliza Baba ninakula nini. Baba akajinyoosha akaeleza kwa Kiarabu chake cha barabarani, akihesabu vijiko kwa vidole. Vidole vilipokaribia kuisha daktari alitafuta kiti akakaa. "Halas!" akasema. "Mafi asali! Mafi!" Yaani basi, hakuna tena asali. Kisha akaongea polepole: nina kisukari, mwili wangu hautengenezi insulini, nitajidunga sindano yake maisha yangu yote. Asali haikunipa ugonjwa, lakini siku mbili zaidi za vile vijiko zingenimaliza.

Nilirudi nyumbani, na dumu lilikuwa pale pale jikoni. Baba hakunipa tena, lakini alikataa liondolewe. Nami nililitamani, nawaambia ukweli. Mara mbili nililamba mfuniko.

Sista Chebii akaja nyumbani kuzungumza nasi, na Gogo akiwa kwenye simu. Sista alieleza hivi: "Sukari imejaa kwenye damu yake kama asali kwenye mzinga uliozibwa. Sindano ndiyo inafungua mlango."

Baba akasema, "Walipotubomolea nyumba msituni nilitoka na mzinga mmoja kichwani. Msitu walichukua. Sasa mnataka na asali." Akafunika uso kwa kofia. Sikuwahi kumwona Baba akilia kabla ya siku hiyo.

Simu ikanguruma. "Kiplangat!" Ni Gogo. "Unataka mtoto au unataka dumu? Jibu haraka, salio langu linaisha."

"Mtoto, Mama," Baba akamjibu.

"Basi."

Sista akasema, "Mzee, hakuna anayekuambia uitupe. Tunaibadilishia kazi." Akajaza kichupa kidogo. Sukari yangu ikishuka sana, nikitetemeka lakini bado naweza kumeza, nipewe kijiko kimoja. Kimoja.

Jana tulikuwa njiani kuja hapa. Nilijidunga, na tulipaswa kula mara moja, lakini Baba akasema wali mzuri uko kituo kinachofuata. Kituo kikawa mbali. Nikaanza kutoka jasho. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Baba, nyimbo zako zinaboa. Na unaendesha kama bibi harusi."

Baba akakanyaga breki kando ya barabara. "Huyu si mtoto wangu! Mtoto wangu haongei! Sukari imeshuka!"

Akatoa kichupa mfukoni, akanipa kijiko kimoja. Nikameza. Akajaza kijiko cha pili. "Kimoja, Baba," nikasema. Akakishikilia hewani hivi, akanitazama, akakirudisha kwenye chupa. Tukasubiri, tukapima, ikapanda. Ndipo akacheka mpaka akagonga usukani. "Si nilisema asali ni dawa?"

Nilimwomba radhi kuhusu nyimbo. Lakini zinaboa kweli.

Nashukuru Mungu, daktari, Sista, na madam wa Mama aliyempa ruhusa leo. Na nyinyi, mkiona sisimizi wanapenda choo chenu, msiwapulizie dawa. Nendeni mkapimwe. Aibu inaosheka kama sweta.

Baba amekaa mstari wa mbele, kichupa kiko mfuko wa shati. Kwa hiyo nikianza kumtukana mtu hapa, msikasirike. Mpisheni tu mzee apite.