Jibini la Mzee Elieza

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, ukungu umelala huku juu milimani kiasi kwamba ng'ombe unasikia kengele yake tu, mwenyewe humwoni. Nilikuwa binti niliyetoka shule juzijuzi. Mimi na mwenzangu Nakiete tulifanya kazi katika nyumba ya kutengenezea jibini ya usharika wetu wa kanisa, hii hii ambayo leo mnaiita makumbusho. Mkubwa wetu alikuwa Bibi Namsifu, mama mjane mwenye sauti nene ya kwaya. Akicheka, unamsikia mpaka bondeni.

Siku hiyo tulikuwa na wageni wazito. Wazee wa kanisa walikuwa wanapanda kuja kuamua kama nyumba ifungwe. Wengi walisema jibini si chakula cha watu wa huku, bora pawe stoo ya mahindi. Mwenye neno la mwisho alikuwa mwenyekiti wao, Mzee Elieza, mtu ambaye hatukuwahi kuona meno yake.

Basi tulitaka wakute kazi imenyooka. Lakini kuni zilikuwa zimelowa, moto ukafifia, maziwa yakapoa kwenye sufuria kubwa, na dawa ya kugandishia ikawa kama imelala humo ndani. Ukitumbukiza kisu kinatoka kinachuruzika. Na huko nje, njiani, tukasikia kikohozi cha Mzee Elieza.

"Tufunge mlango," Nakiete akasema. "Watadhani tumefuata maziwa."

Bibi Namsifu akamsikia. Hakupandisha sauti, lakini mpaka leo maneno yake ninayo.

"Watu wamepanda mlima mzima kwa miguu, ninyi mnataka wakute kufuli? Mmefundishwa na nani? Kama moto umetushinda, waone umetushinda. Fungua mlango, na madirisha pia, moshi utoke."

Tukafungua. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Mzee Elieza akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akachungulia.

"Mbona haya ni maziwa tu?"

"Ni maziwa tu, mzee wangu. Kuni zimelowa. Karibu utusaidie moto," Bibi Namsifu akamjibu.

Nakiete alinifinya mkono. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa anaambiwa apulize moto! Yeye akawatazama wenzake, akatutazama sisi, akavua koti, akapiga magoti. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Wenzake tukawapa chai ya tangawizi, wakakaa kwenye mabenchi wakimtania.

Moto ulipokubali, Bibi Namsifu akamshika Mzee Elieza mkono akauweka ubavuni mwa sufuria. "Unasikia joto hilo? Kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Likizidi hapo, tumeharibu." Kisha tukangoja. Kungoja ndiko kulikomshinda mzee wa watu. Kila mara anataka kukoroga, na Bibi anampiga kofi dogo la mkono: "Acha, mzee! Yaache yatulie!" Wazee wa kanisa walicheka mpaka chai ikamwagika.

Mwishowe akapewa kisu. Safari hii maziwa yalipasuka safi, maji ya manjano yakajaa kwenye ufa. "Yamekubali!" akapiga kelele, na hapo ndipo tulipoyaona yale meno. Akakata mabonge, akayajaza kwenye kopo lenye matundu, akaweka jiwe juu mwenyewe.

"Sasa nalila lini?"

"Mpaka likomae. Miezi. Na lazima ligeuzwe, lisije likaoza upande mmoja."

"Nani atanigeuzia?"

"Mwenye jibini ni nani?"

Mkutano ulifanyika hapo hapo, watu wamesimama. Mmoja akakumbusha habari ya stoo ya mahindi. Mzee Elieza, mikono bado inanuka maziwa, akasema, "Stoo itafutiwe mahali pengine. Humu ndani kuna jibini langu."

Alikuja kuligeuza kweli, mvua na jua. Kisha akaanza kuleta wakwe zake, na wageni wake kutoka Ndungu, kila mmoja aonyeshwe. Nyumba haikufungwa.

Nimekusimulia haya, mwanangu, kwa sababu ya mjukuu wangu Neema, anayetunza makumbusho sasa. Masika yaliyopita udongo wa mlimani ulishuka ukabomoa paa, ukaingia mpaka kwenye rafu, makumbusho yakafungwa. Tulisomba matope, paa likaezekwa upya. Bado Neema akawa anasita: ukuta haujapakwa rangi, vibao havijaandikwa, bibi, wageni watatuonaje? Nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe. Akaenda kutafuta kuni.

Jumamosi wakaja. Watoto wa shule kutoka Maore, mtu na mkewe kutoka Same mjini, na vijana wa bodaboda waliowaleta, ambao nao hawakukubali kubaki nje. Neema aliwaonyesha ukutani matope yalipofikia, kisha akawapa kisu wakate maziwa yaliyoganda, kila mmoja ajaze kopo lake. Mtoto mmoja aliuliza kama anaweza kurudi kuona jibini lake likikomaa. Neema alinitazama, nikageuka dirishani nisionekane ninavyocheka.

Basi shika hili, mwanangu. Usingoje nyumba yako ipendeze ndipo uwakaribishe watu. Mgeni mwonyeshe kazi ilipofikia, hata kama imekwama, na umpe mahali pa kutia mkono wake. Atakachokitengeneza na wewe atakipenda, na atakilinda usipokuwepo. Na ukikosea mbele yake, sema umekosea, mcheke pamoja, muendelee.

Mungu akupe mlango unaobishwa mara kwa mara, na nguvu za kuinuka kuufungua. Akupe watu wa kula nao kazi ya mikono yako, na uzee wa kicheko kama huu alionipa mimi.